Unaleta mzigo Nairobi kutoka nje? Piga hesabu hivi kabla hujatuma dola

Watu wengi wa Kamukunji, Nyamakima na Eastleigh wakiongea na ejenti swali ni moja tu, "CBM ni ngapi saa hii?", yaani bei ya kusafirisha mita moja ya ujazo. Hilo swali halitoshi tena. Biashara ya kusafirisha mizigo imebadilika sana hii miaka michache, na anayeumia ni mfanyabiashara mdogo juu yeye ndiye hana mtu wa kumpigia hesabu. Kwa hivyo tupige pamoja, polepole.

Anza na bei ya meli. Kutoka Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, kampuni nyingi kubwa ziliacha kupitia Suez zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, na safari ya Asia kwenda Ulaya ikaongezeka kama siku 10 hadi 14. Utasema mzigo wako wa China haupiti huko, unakatiza Bahari ya Hindi unafika Mombasa. Ni kweli haupiti. Lakini meli zikikaa njiani siku nyingi zaidi, zinazobaki kwa njia zingine zinakuwa chache, kontena tupu zinachelewa kurudi China, na bei inapanda mpaka kwako. Anayeleta vitambaa kutoka Uturuki ndiye anaguswa moja kwa moja, huyo aulize kabisa meli itapitia wapi kabla hajamwahidi mteja tarehe. Na usitumie bei uliyopewa miezi mitatu iliyopita. Omba bei mpya iliyoandikwa, na uulize inaisha lini.

Sasa hapa ndio watu hawaangalii, na ndio pesa inapoishia. Ushuru wa Kenya hauhesabiwi kwa bei ya bidhaa peke yake, unahesabiwa kwa CIF, yaani bei ya bidhaa, insharansi na nauli ya meli zote pamoja. Chukua mzigo wenye CIF ya shilingi 200,000, wa aina inayolipa ushuru wa forodha asilimia 25 (bidhaa zingine ni 0, 10 ama 35, na zingine zina eksaizi juu yake, uliza ya kwako). Ushuru ni 50,000. IDF, ile ada ya kutangaza mzigo forodhani, asilimia 2.5 ni 5,000. RDL, ile pesa ya reli, asilimia 2 ni 4,000. VAT asilimia 16 inapigwa kwa CIF ukijumlisha na ushuru, yaani 250,000, inakuja 40,000. Jumla 99,000. Karibu nusu ya mzigo. Na juu nauli iko ndani ya CIF, meli ikipanda kwa 20,000 wewe hujaongezewa 20,000, umeongezewa 20,000 na karibu 10,000 ya ushuru juu yake. Ndio maana mtu anashangaa faida imeenda wapi na bei ya kiwandani haijabadilika hata senti. Dola pia iweke kwenye hiyo hesabu, mwanzoni mwa 2024 ilifika kama 160 halafu ikashuka mpaka karibu 130 kabla mwaka uishe, kwa hivyo tumia reti ya leo, usitumie ile uko nayo kichwani.

Saplaya akikupa bei, muulize ni EXW, FOB ama CIF. EXW maana yake bidhaa iko mlangoni mwa kiwanda na kila kitu kutoka hapo ni juu yako, hata lori la kuipeleka bandari ya China. FOB inafika kwenye meli. Bei ya EXW huonekana tamu sana kwa simu, linganisha ukishaongeza hizo gharama zingine.

Vipimo pima mwenyewe ama uombe picha ya katoni ikiwa na futi. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM 0.12, ukiwa nazo 20 ni 2.4. Kwa ndege zidisha hizo sentimita halafu ugawanye kwa 6000, hiyo katoni inakuwa kilo 20, na hata kama ndani kuna mabegi ya kilo 9 utalipishwa 20. Kampuni nyingi za kuria zinagawanya kwa 5000, hapo inafika 24. Kama unaleta vitu vyepesi vyenye kujaa, mwambie saplaya avikandamize kabla hajafunga.

Kontena ya kushare ni nzuri kwa anayeanza, mimi siipingi kabisa. Lakini uliza document za forodha zitatoka kwa jina la nani. Mara nyingi zinatoka kwa jina la mwenye kontena, na hapo wewe kama umesajiliwa VAT huwezi kudai ile VAT iliyolipwa bandarini. Pia dai invoisi ya eTIMS (ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki) kwa huduma uliyolipia, juu tangu Januari 2024 gharama ambayo haina hiyo invoisi KRA haiikubali ukipunguza mapato yako. Ejenti akianza kuzungukazunguka kwa hilo swali, tafuta mwingine. Na cheti cha ubora kinachotakiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, kinatafutwa kule mzigo unatoka, kabla upakiwe. Ukifika bila cheti utakaguliwa huku na utalipa zaidi, na siku zinaenda.

Ukifika kiwango cha kontena yako mwenyewe (ya futi 20 inaingia kama CBM 33, lakini panga na 28 hivi juu katoni hazikai bila nafasi), amua kabla ya BL (hati ya meli ya kusafirisha mzigo) kuandikwa kama mzigo unaishia Mombasa ama ICD ya Embakasi, ile bandari kavu ya Nairobi. Treni za mizigo za SGR zilianza 2018, halafu 2019 serikali ikataka mizigo ya Nairobi ipande treni kwa lazima, kukawa na maandamano Mombasa, na Septemba 2022 kliaringi ikarudishwa Pwani. Kwa hivyo saa hii uko na uchaguzi, utumie. Linganisha treni na pikapu ya kutoka Embakasi kwa upande mmoja, na lori la kutoka Mombasa mpaka mlangoni kwa upande mwingine. Halafu uliza kontena tupu inarudishwa depo gani na kwa siku ngapi, juu ikichelewa kampuni ya meli inakuchaji kwa dola kila siku.

Kufuata mzigo siku hizi ni rahisi. Omba namba ya kontena, ni herufi nne na tarakimu saba, karibu kila mara herufi ya nne ni U. Iweke kwa tovuti ya kampuni ya meli utaona iko wapi. Jina la meli nalo unaliweka MarineTraffic, tovuti ya kufuata meli. Ejenti akikwambia "iko baharini" wiki ya pili na tovuti inaonyesha imeshushwa Mombasa, mpigie siku hiyo hiyo, juu stoeji inahesabiwa wewe ukingoja.

Kwa kusambaza hapa mjini, boda za umeme zimekuwa nyingi na kwa vifurushi vidogo inafaa kuuliza bei yao, ya Nakuru ama Eldoret tuma na matatu za paseli kama kawaida.

La mwisho ni tarehe. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, viwanda vinafunga wiki kadhaa, na mwezi wa kabla yake kila mtu anakimbilia meli kwa hivyo nafasi inakuwa ghali. Wiki ya kwanza ya Oktoba pia wanapumzika. Meli ya moja kwa moja mpaka Mombasa ni kama wiki tatu na kitu, ikibadilishiwa Singapore ama Colombo inazidi, ongeza kliaringi na barabara. Mzigo wa Krismasi uwe umetoka kiwandani Septemba.