Beaune hadi Mâcon kwa baiskeli: namna ya kupita katikati ya mizabibu bila kubughudhiwa na magari

Naishi Lyon, na kila msimu huwaongoza ndugu na jamaa wanaokuja kutembea kwenye njia za baiskeli za Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa. Wengi wao hawajapanda baiskeli tangu shuleni. Wanafika na hofu ya vilima na hofu ya malori, na zote mbili huisha mapema, kwa sababu njia ninayoieleza hapa imepita sehemu kubwa mahali ambapo zamani palikuwa na reli, au kando ya mfereji wa mashua.

Elewa jambo hilo kwanza, maana ndilo litakalokusaidia kupanga safari yoyote ya namna hii. Treni ya makaa haikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi walichimba vilima, wakajaza mabonde na kuizungusha reli palipokuwa pagumu. Treni zilipoondolewa, mteremko ule wa taratibu ulibaki. Mwaka 1997 kipande cha Givry hadi Cluny, kilomita 44, kilifunguliwa kikiwa Voie Verte ya kwanza Ufaransa: njia ya lami iliyotengwa kwa baiskeli, waenda kwa miguu na wenye viatu vya magurudumu, pikipiki na magari marufuku. Mimi huchukua kipande hicho kama uti wa mgongo wa safari, kisha naongeza vingine huku na huku.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi yangu. Julai na Agosti joto la mchana linaweza kukuangusha, hasa kwenye mizabibu ambako hakuna kivuli. Septemba kwa kawaida ndiyo mavuno: utaona makundi ya wachumaji wameinama kwenye mistari na matrekta yakikimbiza zabibu kiwandani kabla hazijapata joto. Aliyekulia Dodoma atashangaa, kwa kuwa kule mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na hapa ni mara moja tu. Ila wiki hizo vyumba hujaa, basi weka nafasi mapema.

Usije majira ya baridi. Kuna handaki kati ya Cluny na Mâcon ambalo hufungwa miezi hiyo ili popo walale bila kusumbuliwa, na kulizunguka maana yake ni kupanda mlima.

Anayeomba viza kutoka Afrika Mashariki akumbuke kwamba bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu. Hakikisha pia karatasi ya bima haikatai ajali za baiskeli.

Hatua ya 2: Pata baiskeli, na usiibebeshe mizigo

Kukodi kunawezekana Beaune, Chalon-sur-Saône, Cluny na Mâcon. Omba baiskeli ya utalii yenye gia, keria ya nyuma, kengele, na tairi pana za milimita 35 hadi 40. Tairi nyembamba za mashindano hazifai, kwani kando ya mfereji kuna sehemu zenye kokoto na mizizi iliyoinua lami. Kama magoti yako yana shida, chukua ya umeme bila aibu yoyote.

Kabla hujaondoka dukani, panda na uzunguke mtaa mzima. Ukikaa kitini na kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe karibu umenyooka. Kiti kikiwa chini kuliko hapo, magoti yatalalamika kabla ya siku ya pili kuisha. Bana breki zote mbili, badilisha gia zote, kisha uliza mdomo wa tyubu ni wa aina gani, maana zile nyembamba za Ufaransa hazikubali kila pampu. Beba tyubu moja ya akiba, viraka, vyuma vya kutolea tairi na pampu ndogo. Kwenye Voie Verte unaweza kwenda mwendo mrefu bila kuona fundi.

Nguo weka kwenye mabegi mawili ya pembeni, uzito ulingane kulia na kushoto. Begi la mgongoni liache. Litakuchosha na kukulowesha jasho.

Hatua ya 3: Jua sheria tatu nne

Kiwango cha pombe kwa mwendesha baiskeli Ufaransa ni kilekile cha dereva wa gari: gramu 0.5 kwa lita ya damu. Spika za masikioni ni marufuku ukiwa unaendesha. Helmeti ni lazima kwa walio chini ya miaka 12. Kwa mkubwa ni hiari, ila mimi siondoki na mtu asiye nayo. Usiku nje ya mji, au ukungu ukitanda, vaa kizibao kinachong'aa na uwashe taa. Dharura ni 112.

Hatua ya 4: Beaune hadi Santenay, siku ya kwanza

Fika Beaune kwa treni ya mkoa, ile inayoitwa TER, ambako baiskeli hupakiwa nzima. Kwenye treni za kasi mambo ni tofauti: ama uilipie nafasi mapema palipo na nafasi, au uifungue na kuitia kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90. Angalia masharti ya treni yako hasa kabla ya kulipa tiketi.

Toa nusu siku uione Hôtel-Dieu, hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, yenye paa la vigae vya rangi. Iliishi kwa mashamba ya mizabibu iliyorithishwa na waumini, na hadi leo divai yake hupigwa mnada kila Novemba.

Kutoka hapo fuata vibao vya Voie des Vignes, kilomita 20 na kidogo, kupitia Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet hadi Santenay. Nasema wazi kwamba hiki ndicho kipande kisicho na utulivu kamili. Ni njia za mashambani; matrekta ya mizabibu yana haki ya kupita, na magari machache ya wenyeji pia. Tena ina vilima vifupi. Lakini ndiyo njia nzuri kuliko zote, na ni bora uimalize ukiwa na nguvu za siku ya kwanza. Trekta ikija, simama kando upishane nayo. Ikiwa inapuliza dawa, ngoja imalize mstari wake. Usipite ndani ya ule ukungu.

Tazama kuta za mawe zinazogawa mashamba. Kila kishamba kina jina lake na divai yake, kwa sababu udongo, mteremko na jua hubadilika ndani ya hatua chache. Mgawanyo huo wa karne nyingi, unaoitwa climats, uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2015. Chini ya mteremko divai ni ya kawaida. Katikati, ambako maji hayatuami na udongo si haba, ndiko bei hupanda. Kwa miguu ungechelewa kuliona hilo, na kwa gari usingeliona kabisa. Zabibu usichume hata moja: ni mali ya mtu, na hesabu yake iko kichwani mwake.

Hatua ya 5: Mfereji hadi Chalon

Baada ya Santenay na Chagny unashika Canal du Centre, mfereji unaoanzia mto Saône pale Chalon na kwenda kukutana na Loire huko Digoin. Njia ni tambarare, ina vivuli virefu, na mashua hupandishwa na kushushwa kwenye malango ya maji. Wavuvi hulaza fimbo zao njiani, kwa hiyo piga kengele mapema na useme bonjour. Salamu hiyo ni funguo ya Ufaransa nzima. Ukiuliza jambo bila kuitanguliza, utajibiwa kwa ubaridi.

Chalon ni mji alikozaliwa Nicéphore Niépce, baba wa upigaji picha, na makumbusho yenye jina lake yapo kando ya mto.

Hatua ya 6: Voie Verte, Chalon hadi Cluny

Hapa punguza mwendo. Wenye pupa huimaliza kwa siku moja. Mimi huigawa mara mbili na kulala Saint-Gengoux-le-National au Cormatin. Kutoka Chalon unafika Givry, nchi ya divai nyekundu, kisha Buxy, ambako milima ya Montagny hutoa nyeupe peke yake. Baada ya hapo mizabibu inapungua na kuwapisha ng'ombe weupe wa Charolais. Stesheni za zamani bado zimesimama, kwa hiyo utajua kabisa kwamba unapita kama treni.

Palipo na hatari pekee ni makutano. Kila njia inapokatiza barabara kuna vizuizi, na mara nyingi wewe ndiye unayepaswa kusimama. Baada ya saa nzima ya kutoona gari, macho husahau. Nawaambia wenzangu kila mara: ukiona kizuizi, mguu chini.

Cormatin kuna kasri la karne ya 17. Taizé, juu ya kilima kifupi nje ya njia, kuna jumuiya ya watawa iliyoanzishwa na Bruda Roger mwaka 1940, na vijana wa nchi nyingi hukusanyika kusali kwa nyimbo. Cluny panastahili alasiri nzima: abasia yake, yaani makao ya watawa, ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote ya Kikristo hadi lilipojengwa la Mtakatifu Petro kule Roma. Sehemu kubwa ilibomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mawe yakauzwa.

Hatua ya 7: Kula, kunywa na kutokunywa

Maduka ya vijijini hufunga mchana, na Jumapili jioni na Jumatatu unaweza kukosa hata mkate. Nunua chakula asubuhi. Maji utayapata kwenye mabomba ya makaburini, desturi ya waendesha baiskeli wote wa hapa, ila kibao kikisema "eau non potable" usinywe.

Kwa wakulima wa divai, kuonja na kutema kwenye ndoo iliyowekwa ni adabu kamili, wataalamu wote hufanya hivyo. Chupa moja iliyojaa ina uzito wa zaidi ya kilo, basi nunua siku ya mwisho. Asiyekunywa aulize jus de raisin, yaani juisi ya zabibu, na kwenye hoteli ajihadhari na mapishi: bourguignon na meurette hupikwa kwa divai, na jambon ni nguruwe. Gougères, vimaandazi vya jibini, havina tatizo hilo.

Hatua ya 8: Handaki, Mâcon na kurudi

Kutoka Cluny njia inapanda polepole hadi handaki la Bois Clair, kilomita 1.6. Vaa koti kabla ya kuingia hata kama nje ni joto kali, washa taa, na usizungumze kwa sauti. Ukitoka upande wa pili ni mteremko mtamu kupitia mizabibu ya Mâconnais, mwamba wa Solutré ukiwa kule mbali, hadi Charnay na Mâcon. Mita za mwisho kuelekea stesheni ni za mjini, zina magari. Asiyejiamini asukume baiskeli.

Mwenye siku mbili zaidi arudi Chalon kwa Voie Bleue, kando ya Saône, akilala Tournus. Mwenye haraka apande TER hapo Mâcon, avue mabegi yote kabla treni haijasimama, na aelekee behewa lenye alama ya baiskeli mlangoni.