Kuisoma Picha ya Eksirei ya Jino Kabla ya Kuirudia

Picha ya eksirei ya jino inapotoka vibaya, usikimbilie kuirudia, kwa sababu kila marudio ni mionzi zaidi kwa mgonjwa, na kosa ambalo chanzo chake hakijajulikana litajitokeza tena vilevile. Iweke kwenye kisanduku cha mwanga, uangalie umbo kwanza, kisha weusi.

Picha ya jino zima ni lazima ionyeshe taji, mzizi wote, na milimita 2 hadi 3 za mfupa kupita ncha ya mzizi, kwani dalili za jipu la jino hutafutwa hapo. Urefu wa jino pichani hufuata kanuni ya kivuli: jua likiwa utosini kivuli ni kifupi, likishuka kivuli hurefuka. Koni, yaani mrija wa mashine unaoelekeza mionzi, ikisimamishwa mno, mizizi hufupika. Ikilazwa mno, mizizi hurefuka na pengine ncha hutoka nje ya filamu. Chonge la juu, lenye mzizi mrefu kuliko meno yote, huathirika sana, na daktari anayetaka kutibu mzizi huo atapata kipimo cha uongo kwa sababu ya mkono wako. Tumia kishikio kinachoiweka filamu sambamba na jino, hata kama itabidi filamu isogee mbali na jino kuelekea katikati ya kaakaa.

Meno yakipandana pichani, koni ilielekezwa upande. Hilo si dogo, kwa kuwa uozo wa kati ya meno hujificha papo hapo. Upinde mweupe pembeni unaonyesha kuwa koni haikuifunika filamu yote. Picha yenye kingo zisizo wazi mara nyingi ni mgonjwa kutikisika.

Weusi uliozidi hautokani na mashine peke yake. Dawa ya kusafishia filamu kwa mkono kwa kawaida hutumika katika nyuzi 20 za Selsiasi kwa dakika 5 hivi, ilhali maji ya bomba Dar es Salaam mwezi Februari yana joto zaidi ya hapo, na dawa yenye joto huzidisha weusi; kwa hiyo pima dawa kwa kipimajoto na ufuate jedwali la mtengenezaji. Picha iliyofifia huashiria dawa iliyochoka, mionzi michache, au filamu iliyogeuzwa mgongo kuelekea koni, ambayo utaitambua kwa alama za karatasi ya risasi (madini) iliyo ndani ya pakiti ya filamu.

Kwa wanaotumia sensa, yaani kifaa cha kidijitali kinachonasa picha badala ya filamu, mionzi michache huleta chenga. Programu inaweza kurekebisha weusi, lakini ncha ya mzizi iliyoachwa nje haiwezi kuirudisha.