Kutafsiri programu ya kupokelea korosho

Programu ya chama cha msingi cha ushirika huko Newala au Masasi ikiwa bado ina maandishi ya Kiingereza, fungua faili lake la .po (lenye maandishi ya programu na tafsiri zake) kwa Poedit, programu ya kutafsiria. Usiguse msgid (maandishi ya asili), tafsiri huandikwa kwenye msgstr. Alama kama %s na %d, ambazo programu hujaza neno au namba mahali pake, ziache zilivyo, maana ukiharibu moja programu inaweza kujifunga ghafla, foleni ya mizani ikisubiri.

Panapoharibika zaidi ni umoja na wingi. Kichwani mwa faili weka nplurals=2; plural=(n != 1); yaani maumbo mawili, umoja kwa 1 na wingi kwa namba nyingine, kisha jaza yote mawili: "Gunia %d limepokelewa", "Magunia %d yamepokelewa". Sentensi iliyokatwa vipande haitafsiriki vizuri. Mrudishie mtengeneza programu aiunganishe. Hifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi), ukague kwenye simu ndogo: "Chapisha stakabadhi ya ghala" hufurika kitufe.