Kukata video bila kurenda: mwanzo wa kipande ndio utakaokutoa jasho

Jumapili iliyopita kijana ninayefanya naye kazi hapa Kirumba alinijia na laptopu kwapani. Mteja tuliyemrekodia sendofu usiku wa kuamkia siku hiyo alitaka kitu kimoja tu, tena haraka: nasaha za baba wa bibi harusi, dakika sita, ziwekwe kwenye fleshi ya shangazi mtu anayerudi Ukerewe. Kijana akaliingiza faili zima, saa mbili na ushee, kwenye programu ya kuhariri, akakata, akabonyeza kurenda, yaani kuitengeneza video upya. Ilipofika asilimia themanini umeme ukakatika, na betri ya laptopu ile ni pambo tu.

"Kaka, naanza tena upya?"

Nikamwambia hii si kazi ya kurenda, mdogo wangu. Haya ndiyo niliyomwonesha.

Kamera inapoandika video huwa tayari inaibana, mara nyingi kwa mbinu ya kubana iitwayo H.264, na simu mpya kwa H.265. Ukirenda, kompyuta inafungua kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, kisha inaibana upya, na kila ikibana kuna kitu kinapotea. Ni kumrudisha kwenye mafuta sato aliyekwisha kukaangwa. Kukata bila kurenda ni kunakili: data ileile inahamia kwenye faili jipya bila kuguswa. Kazi ya nusu saa inaisha kwa sekunde kadhaa, na picha inabaki kama ilivyotoka kwenye kamera.

Hatua ya 1. Hamisha faili kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta. Usifanyie kazi juu ya kadi.

Hatua ya 2. Pata programu. Kwa anayependa kubonyeza vitufe, LosslessCut ni ya bure: unabonyeza I pa kuanzia, O pa kuishia, E kutoa kipande. Ndani yake inatumia ffmpeg, programu ya bure ya kushughulikia video kwa amri za maandishi, na mimi naitumia ffmpeg yenyewe kwa kuandika amri, maana naona ninachofanya. Zile programu za simu zinazojisifu kukata haraka siziamini. Nyingi zinarenda kimyakimya. Ukiona kipande cha dakika sita kinachukua dakika kumi kutoka, ujue umesharendewa.

Hatua ya 3. Fungua video kwenye VLC, andika muda wa kuanzia na urefu unaoutaka.

Hatua ya 4. Kata. Hapa tukae kidogo.

    ffmpeg -ss 00:41:10 -i sendofu.mp4 -t 00:06:00 -c copy -avoid_negative_ts make_zero nasaha.mp4

Hilo `-c copy` ndilo linalosema nakili, usirende. Ukilisahau, ffmpeg itarenda bila hata kukuuliza. Lakini kilichowahi kunikeshesha hadi alfajiri ni `-ss`, inayotaja muda wa kuanzia. Wakati huo nilikuwa naiweka baada ya `-i`. Kipande kilitoka, sauti safi, mzee anaongea, lakini picha nyeusi kwa sekunde kadhaa, halafu ndipo inaibuka katikati ya sentensi. Niliondoa programu na kuiweka upya mara tatu. Nikalaumu kadi. Nikalaumu kamera ya watu.

Kosa halikuwa la kamera. Video iliyobanwa haihifadhi kila fremu nzimanzima. Kuna fremu kamili, ambayo ni picha inayojitegemea, halafu zinafuata fremu nyingi zinazoandika tu kilichobadilika: mkono umeinuka, mwanga umehama. Hizo bila fremu kamili ya kuegemea hazina maana. Kwa hiyo unaponakili bila kurenda, picha haiwezi kuanzia popote. Lazima ianzie kwenye fremu kamili. Sauti haina masharti makali namna hiyo. Ukiweka `-ss` baada ya `-i`, sauti inaanza pale ulipoomba, picha inasubiri fremu kamili *inayofuata*. Ukiiweka kabla ya `-i`, ffmpeg inarudi nyuma hadi fremu kamili *iliyotangulia*, na hakuna kinachokosekana. Unapata ziada kidogo mwanzoni, basi. Nasaha zetu zilianza na MC akisema "karibu mzee", na hakuna aliyelalamika.

Ziada hiyo inategemea faili. Kamera nyingi huweka fremu kamili kila nusu sekunde au sekunde moja, kwa hiyo huioni. Shida ni faili lililokwisha kurendwa na mtu mwingine. x264, programu inayotumika sana kubana H.264, usipoibadilisha mipangilio inaruhusu hadi fremu 250 kati ya fremu kamili moja na nyingine, na kwa fremu 25 kwa sekunde hizo ni sekunde 10. Ndiyo maana nadai faili la kamera, si lile lililokwisha kupita kwa mhariri. Ukitaka kujua fremu kamili ziko wapi, tumia ffprobe, inayokuja pamoja na ffmpeg:

    ffprobe -select_streams v:0 -skip_frame nokey -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 sendofu.mp4

Itakutolea orodha ya sekunde. Chagua iliyo kabla kidogo ya neno la kwanza.

Mitego mingine miwili. Kwanza, ukitumia `-to` (muda wa kuishia) badala ya `-t` (urefu wa kipande), na `-ss` iko kabla ya `-i`, saa imeshaanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Ukiandika `-to 00:47:10` mwishoni utapata kipande cha dakika arobaini na saba. Tumia `-t`, ulale usingizi. Pili, lile `make_zero`: bila hilo, MP4 inaweza kubeba ziada ya mwanzoni pamoja na maelekezo ya kuiruka. Programu nyingine zinayatii, nyingine hazina habari, na hapo ndipo mteja anakupigia kwamba kwake picha na sauti vimepishana.

Mwisho wa kipande hauna masharti hayo, kata karibu popote.

LosslessCut ina njia ya kurenda vipande vidogo vya pembeni tu ili ukate kwenye fremu yoyote. Wenyewe wanaiita ya majaribio, na mimi kazi ya mteja siifanyii majaribio.

Hatua ya 5. Kamera zinazotumia kadi ya FAT32 (mpangilio wa kadi usiopokea faili kubwa kuliko GB 4) hugawa rekodi kila ikifika GB 4, kwa hiyo hotuba inaweza kuangukia kwenye mafaili mawili. Andika orodha.txt yenye mistari kama `file 'a.mp4'` na `file 'b.mp4'`, kisha:

    ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy yote.mp4

Yatoke kamera moja, mipangilio ileile. Usichanganye ya simu na ya kamera.

Hatua ya 6. Tazama sekunde kumi za mwanzo kwenye simu, halafu kwenye runinga kwa fleshi. VLC husamehe mengi ambayo runinga haisamehi. Na ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama video itabanwa upya, na sato wako atakuwa amerudi kwenye mafuta.