Soma chupa kabla hujaifungua: kwa wasaidizi wapya wa maabara za shule

Natunza maabara ya sekondari moja hapa Mtwara. Msaidizi mpya akiletwa, somo la kwanza ninalompa ni hili: simama mbele ya kabati, mikono nyuma, soma.

Anza na jina lote pamoja na ukolezi. Asidi ya haidrokloriki ya molari 0.1 (nyepesi) ya titresheni, yaani ya kupimia ukolezi wa kimiminika kingine, na ile kali inayofuka ukifungua kizibo ni majina mamoja, tabia mbalimbali. Kisha tafuta neno la onyo: "Danger" ni zito kuliko "Warning".

Halafu zitazame alama za umbo la almasi zenye kingo nyekundu. Katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa lebo za kemikali ziko tisa, ila maabara ya shule ina zake chache za kila siku. Picha ya kimiminika kinachodondokea mkono na chuma: hiyo inaunguza. Mwali wa moto: inashika moto. Ethanoli inao, na mvuke wake unaweza kuwaka kuanzia nyuzi 13 za Selsiasi hivi. Baridi hiyo Mtwara mjini mchana utaitoa wapi? Kwa hiyo kwetu chupa ya ethanoli muda wote ni ya kuwaka. Mwali uliokaa juu ya duara ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi wanapochanganya: kemikali hiyo inachochea moto wa wenzake. Potashiamu pamanganeti ni mojawapo. Ikikutana na gliserini huwaka bila kiberiti, basi zisilale rafu moja.

Alama ya mshangao, ya kemikali inayowasha ngozi au macho, watu huidharau. Waulize wanaopuliza salfa kwenye mikorosho macho yao huwaje jioni.

Misimbo ya hatari iliyo kwenye lebo nayo isikutishe. Inayoanza na H2 ni moto na milipuko, H3 ni afya, H4 ni mazingira. Ukiona H314, ngozi na macho vitaungua vibaya. Miwani na glavu kwanza. Baadhi ya chupa, hasa za Marekani, zina almasi ya rangi nne yenye namba 0 hadi 4, ambapo 4 ndiyo mbaya kabisa. Kwenye madaraja ya hatari ya Umoja wa Mataifa mambo ni kinyume: daraja la 1 ndilo baya.

Ukihamisha kemikali, bandika tepu ya karatasi uandike kwa penseli: jina, ukolezi, tarehe, onyo. Wino wa kalamu ethanoli inaufuta. Chupa za maji ya kunywa marufuku, hata kwa dakika tano. Unapomimina, lebo ielekee kiganjani, tone lisije likateremkia maandishi.

Na ukikuta chupa isiyo na lebo, usinuse, usimwage kwenye sinki. Iandike "haijulikani", itenge, mwambie mkuu wa shule awasiliane na Mkemia Mkuu wa Serikali.