Jinsi ya Kuomba Idhini ya Kuweka Ripita ya Dijitali ya Redio ya Ridhaa Nairobi

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu binafsi ya kujifunza na kujifurahisha, si ya biashara. Ripita yake hupokea mawimbi dhaifu ya redio ya mkononi katika masafa fulani na kuyarusha papo hapo kwa nguvu zaidi katika masafa mengine, ili mtu aliye Rongai asikilizane na mwenzake wa Kasarani. Anayetaka kuiweka huiomba idhini Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, yenye makao yake Waiyaki Way, Westlands.

Kwanza, hakikisha kwamba leseni yako ya redio ya ridhaa, yenye alama ya wito (utambulisho rasmi wa kituo hewani) kama zile zinazoanza na 5Z4, haijaisha muda. Hata hivyo, usichukulie kwamba leseni hiyo inatosha kwa mtambo unaorusha mchana na usiku bila mtu kuuketia. Omba idhini ya ripita yenyewe, kwa maandishi, na umtaje mtu mmoja atakayewajibika na anayeweza kuuzima mara moja akiamriwa.

Pili, pata mahali. Milima ya Ngong, iliyo Kajiado, huutazama mji wote, lakini paa la jengo refu mjini hufikika kwa urahisi mtambo unapoharibika usiku, nami ningeanzia hapo. Pata barua ya mwenye jengo au mnara inayoruhusu antena, umeme na kuingia wakati wowote. Ukisimamisha mlingoti mpya, urefu wake unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa kuwa ndege za Wilson na JKIA hupita juu ya mji huu, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nayo ina masharti yake.

Tatu, andaa kiambatisho cha kiufundi, ambacho ndicho roho ya ombi lote. Kenya imo katika Kanda ya 1 ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), ambako bendi ya mita 2 ni 144 hadi 146 MHz na ile ya sentimita 70 ni 430 hadi 440 MHz. Kwenye mita 2, masafa ya kupokea kwa kawaida huwa chini ya yale ya kurusha kwa 600 kHz, na nafasi hiyo finyu hudai dupleksa (kichujio kinachoruhusu antena moja kupokea na kurusha kwa pamoja) yenye mikebe mikubwa na ya gharama. Kwenye sentimita 70 tofauti inaweza kuwa 7.6 MHz, kwa mfano kurusha 438.600 na kupokea 431.000, na dupleksa ndogo ikatosha. Kabla ya kupendekeza jozi yoyote, sikiliza masafa hayo kwa siku kadhaa ukiwa palepale juu ya paa, kisha wasiliana na chama cha wanaredio wa ridhaa ili usimkanyage mwenzako. Andika pia latitudo na longitudo, kimo cha antena kutoka ardhini, nguvu kwa wati, na aina ya utangazaji kwa msimbo wake wa kimataifa: kwa mifumo ya kidijitali ya DMR na D-STAR, sauti ya DMR huandikwa 7K60FXE, na ya D-STAR 6K00F7W.

Nne, jaza fomu inayotumika sasa, wasilisha, lipa ada utakayoelekezwa, na uhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usiwashe mtambo kabla ya jibu la maandishi.

Idhini ikitoka, na kama mtambo ni wa DMR, omba namba ya DMR ya kuitambulisha ripita, ambayo ina tarakimu sita na kwa Kenya huanza na 639. Zima kabisa usimbaji wa siri, hata kama redio inao, kwa sababu Kanuni za Redio za kimataifa zinakataza kuficha maana ya mazungumzo ya ridhaa kati ya vituo vya nchi tofauti, na uhakikishe mtambo unajitambulisha kwa alama yake ya wito kila baada ya muda mfupi.

Matunzo yaanze kabla ya mvua za masika na za vuli. Fungua kiungo cha kebo chini ya antena uone kama maji yameingia, pima mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena badala ya kurushwa, kaza waya wa ardhi unaokinga radi, na ujaribu betri kwa kuukata umeme wa jengo. Mabadiliko yoyote ya kimo, nguvu au masafa yanahitaji idhini mpya kabla ya kufanywa.