Kabla Hujapakia: Ufunguo wa Faili Zako Uko kwa Nani?

Bibi zetu wa Mji wa Kale wa Mombasa walikuwa na sanduku la mbao, na ufunguo wake hawakuuacha juu ya sanduku. Waliufunga kwenye pindo la leso. Hifadhi ya mtandaoni, ile tuiitayo wingu, ni sanduku lililowekwa nyumbani kwa mtu mwingine. Basi kabla hujapakia hatimiliki ya shamba la Mtwapa, au pasipoti uliyoiskani kwa ajili ya kazi ya Ghuba, jiulize ufunguo umefungwa kwenye pindo la nani.

Google Drive hufumba faili, yaani huzigeuza zisisomeke bila ufunguo, zikiwa njiani na zikishafika kwenye mashine za Google, kwa hiyo mdukuzi wa njiani haambulii kitu. Lakini kwa akaunti ya kawaida ufunguo wanao wao, na sheria ya Marekani ya 2018 inaweza kuzilazimisha kampuni za huko kutoa data hata ikiwa imehifadhiwa nchi nyingine. Apple imeruhusu tangu Desemba 2022 ufunguo wa sehemu kubwa ya iCloud, wingu lao, ubaki kwako, ila uwashe mwenyewe. Sheria yetu ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kudai taarifa zako zifutwe, lakini hapo maji yameshamwagika.

Si kila kitu kinahitaji kufuli. Picha za pikiniki ya Nyali ziache zilivyo. Vitambulisho, vyeti vya hospitali, mikataba na taarifa za benki ndivyo vya kufungia nyumbani kabla ya kuvipandisha. Programu ya Cryptomator hutengeneza kabati lililofumbwa ndani ya Drive yako, na kwenye kompyuta ni ya bure. Ukipenda 7-Zip, programu ya kubana faili na kuzifunga kwa paswadi, tumia aina ya 7z na uwashe pia kufumba majina ya faili, maana jina kama "matokeo ya kipimo" limeshasema yote hata kabla halijafunguliwa.

WhatsApp ndiyo inayowapumbaza wengi. Mazungumzo yamefumbwa, ndiyo, lakini bekapu yake inayokwenda Google Drive au iCloud ni jambo jingine: tangu 2021 unaweza kuifumba kwa paswadi au ufunguo wa tarakimu 64, na ni lazima uingie kwenye mipangilio ya gumzo ukawashe. Na ukishawasha yako, ya mwenzio je? Ile picha ya kitambulisho uliyomtumia shemeji imo pia kwenye bekapu yake yeye.

Hapo tunafika saiba, duka la kompyuta na kuchapisha. Unaingia Mwembe Tayari kuchapisha barua, kijana anakwambia, "Nitumie kwa WhatsApp hapa." Tangu dakika hiyo hati yako imo kwenye simu ya duka na katika kompyuta ambayo watu hamsini huikalia. Mimi huenda na flashi yenye faili moja tu, ile ya kuchapishwa. Ukilazimika kutuma, simama hapo hapo mpaka ifutwe, pamoja na pipa la taka, na usione haya, pesa umelipa. Ukifungua barua pepe yako pale, toka kwenye akaunti kabla hujainuka. Kwenye Drive nako, faili uliyoifuta hukaa pipani siku 30 usipoiondoa kabisa.

Kagua viungo ulivyowahi kugawa: palipoandikwa kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kuona, ni yeyote kweli. Msimbo wa kuingilia usiutegemee kwa SMS, kwa kuwa laini ya simu huweza kuibwa. Tumia programu ya misimbo, ile inayokutolea msimbo ndani ya simu yenyewe.

Lililobaki ndilo zito. Ukishika ufunguo mwenyewe, ukiupoteza hakuna ofisi ya kupiga simu. Andika paswadi kwenye karatasi, mpe mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, kisha jaribu kufungua faili moja kwa simu nyingine ukisoma karatasi hiyo tu. Mimi nilijaribu na simu ya dada yangu, ikagoma mara sita. Mwandiko wangu ulikuwa umegeuza sifuri kuwa herufi O.